Msasa wa maji na polishi Kinondoni, hawa mafundi wanajua kazi

Kama gari yako imepigwa rangi ikatoka na vinundu vinundu na machozi ya klia (ile tabaka ya juu isiyo na rangi inayoipa gari mng'ao, ikitiririka inagandia kama machozi) kwenye mlango, usikimbilie kurudia rangi, hapo ndo hela inapotea bure. IST yangu nyeusi ilitoka hivyohivyo kwa fundi wa kwanza, usiku ukiangalia boneti taa ya barabarani inaonekana imejikunja, shemeji akanipeleka gereji moja ndogo Kinondoni wanafanya msasa wa maji na polishi tu, rangi hawapigi kabisa.

Kilichofanya niwaamini ni kwamba kabla hawajashika msasa, fundi alitoa kipimo cha unene wa rangi akapita nacho boneti nzima na milango. Katikati kinasoma 140, 150 hivi, karibu na kingo kinashuka mpaka 90 na kitu, hizo ni maikroni, na maikroni 1,000 ndo milimita 1, sasa klia yenyewe humo ndani mara nyingi ni kama 40 mpaka 50 tu. Akabandika tepu kwenye kingo zote na kwenye mikunjo ya bodi, maana pale klia ni nyembamba na msasa unakula haraka. Bampa kipimo hakisomi kwasababu ni plastiki, akaniambia wazi bampa msasa hapigi, anapiga polishi peke yake. Aisee hapo alinimaliza, mwingine angepiga tu apokee hela.

Msasa unalowekwa kwenye ndoo ya maji yenye tone la shampuu ya gari, afu wanaushikia kwenye kibao cha sponji, sio vidole vitupu, vidole vinachimba mifereji. Kwenye machozi walianza na msasa namba 1500, kwingine 2000, wanamalizia 3000, namba ikipanda msasa ni laini zaidi. Maji yanayotoka ni meupe kama tui, hiyo ndo klia inayoondoka, na fundi anayafuta kila saa anaangalia, maana gari yenye klia ukiona maji yameanza kuingia weusi jua umeshafika kwenye rangi na hapo hakuna polishi ya kukuokoa. Wakikausha, sehemu inayong'aa bado ni bondeni, msasa haujafika, wanairudia hiyohiyo tu.

Ikimalizika boneti inabaki imefubaa yote, mwenye gari lazima ushtuke, ila ndo inavyotakiwa. Inafuata mashine na kompaundi ya kukata, yaani dawa nzito ya kuondoa mikwaruzo ya msasa, baadae polishi laini na pedi ya sponji, na katikati anapangusa na spiriti ili mafuta ya kompaundi yasifiche mikwaruzo, nimeona sehemu kibao wanaruka hii hatua afu wiki ya pili gari inarudi na miduara juani. Yangu mpaka leo haina, taa inaonekana imenyooka kabisa.

Nililipa 250,000, boneti, milango miwili na bampa. Sio bei ya chee lakini kurudia rangi ingekuwa zaidi. Kasoro yao foleni ndefu, na sehemu ya kusubiria hamna, gari unaiacha inalala. Na kama imetoka kupigwa rangi juzi hawaipokei, wanataka klia ikauke kwanza mpaka ndani, kwahiyo usiwapelekee gari unayoitaka kwenye harusi Jumamosi.