Seti ya DVD ya Live Aid: Wembley Niliyoisikia na Wembley Iliyomo Kwenye Diski

Seti ya diski nne za DVD za Live Aid, tamasha la muziki lililofanyika siku moja London na Philadelphia, ilitolewa rasmi Novemba 2004, miaka 19 baada ya tamasha lenyewe, na kuchelewa huko hakukutokana na uzembe. Mwanamuziki Bob Geldof, aliyeliandaa pamoja na mwenzake Midge Ure ili kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia, alikusudia lionyeshwe mara moja tu kisha liishie hapo. Alipokuta nakala za wizi zikizagaa kwenye intaneti ndipo aliporidhia litolewe, na mapato yakaelekezwa kwenye mfuko wa hisani. Kwa anayeifahamu Kariakoo, jambo hilo halihitaji ufafanuzi.

Ni haki msomaji ajue kwamba naihakiki seti hii nikiwa na upendeleo. Tarehe 13 Julai 1985 nilikuwa mwanafunzi London, na nilikuwa miongoni mwa watu wapatao 72,000 waliojaa katika Uwanja wa Wembley. Tiketi ilikuwa pauni 25, yaani tano za kiingilio na ishirini za mchango, na kwa kijana aliyetoka Dar es Salaam ya foleni za sukari na sabuni hizo hazikuwa fedha za kuchezea. Kundi la Status Quo walipofungua jukwaa saa sita mchana, huku nyumbani ilikuwa saa nane, lakini hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyeweza kuliona: Zanzibar walikuwa na televisheni, sisi wa Bara hatukuwa nayo. Ndiyo maana kwa miaka mingi nilisimulia habari za siku ile bila shahidi, na niliponunua diski hizi nilidhani nimempata. Shahidi huyu anakubaliana nami katika mengi, ila kuna mahali ameufanyia marekebisho ushahidi wake.

Nianze na mahali anaponizidi. Kundi la Queen lilipewa muda uleule waliopewa wengine, takribani dakika ishirini, na jukwaani kulikuwa na taa za kuwaonya wasanii muda wao unapokwisha. Wenzao kadhaa walipoteza dakika kwa maneno mengi. Queen walikuja wamejipanga: walianza na sehemu ya mwanzo tu ya «Bohemian Rhapsody», wakaiacha kabla haijawameza, wakaingia «Radio Ga Ga», na hapo uwanja mzima ukainua mikono na kupiga makofi kwa pamoja. Nilipokuwa nimesimama, mwimbaji wao Freddie Mercury alikuwa umbo dogo jeupe kwa mbali, na nilichokiona cha makofi yale ni viwiko vya majirani zangu. Kamera iliyokuwa jukwaani ndiyo inayoonyesha bahari ile ya mikono hadi ukingo wa mwisho wa uwanja, na nakiri kwamba nilipoiona kwa mara ya kwanza, nyumbani kwangu Sinza, nililazimika kusimamisha diski kidogo. Mpwa wangu, ambaye muziki wa gitaa kwake ni kelele za wazee, aliinua macho kutoka kwenye simu akauliza, «Mjomba, huyu ndiye yule aliyezaliwa Unguja?» Ndiye, nikamjibu, mtoto wa Mji Mkongwe, aliyezaliwa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Tangu hapo simu ilibaki mezani hadi «We Are the Champions» ilipokwisha.

Lalamiko langu kwa sehemu hiyo ni la sauti. Freddie alipotupigia mwito bila ala yoyote, nasi tukamwitikia, mwitikio ule pale uwanjani uliupita ukubwa wa spika zote. Kwenye diski tumesukumwa nyuma, sauti yake ikiwa mbele na safi. Hilo linavumilika, kwa kuwa ndivyo televisheni ilivyosikiliza siku ile.

Lisilovumilika ni la Paul McCartney, aliyekuwa wa kundi la Beatles. Karibu na mwisho wa sehemu ya London alikaa kwenye piano kuimba «Let It Be», na kipaza sauti chake hakikufanya kazi kwa takribani dakika mbili za mwanzo. Watazamaji wa televisheni walimsikia kwa shida, nasi tuliokuwa uwanjani hatukumsikia kabisa. Tuliona mdomo ukienda, tukasikia minong'ono, kisha watu wakaanza kuuimba wimbo wenyewe, upande huu ukitangulia na ule ukichelewa, mpaka sauti yake ilipotokea ghafla na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Katika saa zote nilizosimama pale, sikumbuki wakati mwingine ambapo umati na msanii walihitajiana namna ile. Sasa weka diski, usikilize: sauti ipo tangu mstari wa kwanza, haina mkwaruzo. McCartney aliirudia studioni siku iliyofuata, na rekodi hiyo, ambayo haikuwa imetumika popote, ndiyo iliyopachikwa humu. Naelewa kwamba mhariri alitaka kumstahi mwimbaji. Lakini anayenunua rekodi ya tamasha la moja kwa moja hanunui usafi wa studio, na ingetosha kabisa kuweka matoleo yote mawili ili mtazamaji achague.

Kuhusu vilivyoachwa, tamasha zima la London na Philadelphia lilichukua takribani saa 16, na seti ina saa 10. Led Zeppelin, waliokutana tena Philadelphia huku Phil Collins akisaidia ngoma baada ya kuvuka Atlantiki kwa ndege ya kasi ya Concorde, hawamo kwa matakwa yao wenyewe. Sikuwaona kwa karibu siku ile, kwa hiyo pengo hilo haliniumi sana. U2 wapo, pamoja na zile dakika takribani kumi na mbili za «Bad» ambazo mwimbaji wao Bono alizitumia kushuka jukwaani na kucheza na msichana kutoka umatini, hadi kundi likakosa nafasi ya wimbo wake wa tatu.

Picha ni ya umbo la televisheni za mwaka 1985, hivyo kwenye runinga bapa za leo itaacha pande mbili nyeusi. Usiivute ijae kioo, maana wanamuziki wote watanenepa. Anayetaka Queen peke yao hana haja ya kutoa fedha, kwa sababu kipande chao kinapatikana bure YouTube. Anayetaka siku nzima ilivyokwenda, pamoja na makundi ya kawaida yaliyojaza mchana ule, atafute seti halisi, hata iliyotumika, ahakikishe diski zote nne zimo, na kabla ya kulipa ajiulize kama bado ana deki inayofanya kazi nyumbani, kwa kuwa kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingizia diski.