Anki kwa mwanafunzi wa Kifaransa chuoni: nzuri, ila ipunguze kasi

Anki ni programu ya kadi za kujifunzia, zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure. Ya iPhone inalipiwa. Kazi yake ni kukurudishia kadi pale unapokaribia kuisahau, na hapo haina mchezo. Tatizo ni mpangilio inaokuja nao: kadi mpya 20 kwa siku. Baada ya wiki chache marudio yanakuelemea. Weka 10. Kadi iwe na sentensi nzima pamoja na sauti, na nomino iandikwe na «le» (ya kiume) au «la» (ya kike) yake. Ukisahau, bonyeza kitufe cha kwanza kushoto. Wengi hujihurumia wakabonyeza cha pili, programu ikadhani wamekumbuka. Lini useme «vous» (ya heshima) na lini «tu» (ya kirafiki), hilo tafuta watu wa kuzungumza nao.