Mzee wa vitabu wa Makoroboi, na kitabu cha Wamaya cha shilingi 12,000

Kwa wanaotafuta vitabu vya mitumba hapa Mwanza: Makoroboi kuna mzee anayetandaza vitabu juu ya turubai kuanzia saa tisa alasiri, jua likipungua makali. "Mwadila, mayo," alinisalimu, kisha akauliza nalima nini. Nikamjibu mihogo na mahindi, huko Magu. Akafukua chini ya rundo, akanitolea kitabu kikubwa cha picha kuhusu kilimo cha Wamaya wa kale, wenyeji wa Amerika ya Kati na kusini mwa Mexico. Cha Kiingereza. Alianzia 20,000, tukaafikiana 12,000.

Nilidhani nitakuta mahekalu tu. Kumbe sura nzima ni ya Joya de Cerén, kijiji cha wakulima huko El Salvador kilichofukiwa na majivu ya volkano miaka 1,400 hivi iliyopita. Mimea ilioza ndani ya majivu ikaacha matundu. Wachimbaji wakamimina plasta humo, na plasta ilipokauka umbo la mmea likatoka zima. Ndivyo walivyogundua shamba la mihogo mwaka 2007. Mihogo ya matuta, jamani, kama yetu! Wenyewe walikuwa wametoka kuvuna na kulaza pingili mpya, majivu yakawakuta. Nilimtafsiria mama kwa Kisukuma. Aliishika ile picha ya matuta muda mrefu, akasema aliyeyapanga alijua maji yanapita wapi.

Sura ya ukame ni fupi mno kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa. Inaeleza tope la Ziwa Chichancanab, rasi ya Yucatán huko Mexico: matabaka ya takriban mwaka 800 hadi 1000 yamejaa jasi, madini yanayoganda maji yakipungua, dalili kwamba maji yalikauka sana, na nyakati hizohizo miji mingi ya Wamaya upande wa kusini ikabaki tupu. Kurasa mbili, basi.

Kasoro iliyoniuma ni ramani ya mwisho, ya makazi yaliyoonekana kwa leza kutoka angani kwenye misitu ya Guatemala. Imechanwa. Maelezo ya pembeni tu yamebaki: majengo zaidi ya 60,000, yaliyotangazwa mwaka 2018. Mzee hakunidokezea, nami sikukagua. Nilirudi Jumanne nikamwonyesha. Hakubishana, akanirudishia 2,000 na kuomba radhi. Kisha akaniuliza kama ningependa na kitabu cha kilimo cha samadi cha Wakara, kule kisiwani Ukara. Nimeshamwachia namba yangu.