Bedford yangu na fundi wa Unga Ltd: kebo haikuwa na kosa

Nina Bedford MK, yale malori ya jeshi la Uingereza yenye tundu la duara kwenye paa la kabini. Iliingia huku ikibeba watalii wa safari ndefu za barabara, ikapita mikono kadhaa, na sasa ni mwaka wa sita iko kwangu. Inabeba matenki ya maji, mahema na kuni kwenda kambi za upande wa Engaruka na Ziwa Natron. Naiendesha mwenyewe.

Kwa wasioijua, injini yake ni dizeli ya silinda sita, lita 5.4, na haikukaa mbele ya dereva. Iko nyuma ya viti, unaifikia kwa kufungua vifuniko vya ubavuni, nyuma ya mlango. Kwenye hii yangu pedali ya mafuta inavuta pampu ya dizeli kwa kebo, yaani waya unaopita ndani ya ganda, kwa hiyo kebo inaanzia miguuni, inapita chini ya sakafu, inarudi nyuma mpaka kwenye pampu. Ni njia ndefu, na inapita kwenye joto na vumbi.

Shida ilianza baada ya masika. Pedali ikawa na mchezo mkubwa. Nakanyaga, inashuka karibu nusu ndipo injini inasikia, na nikifika sakafuni bado nguvu haijafika. Mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, ambao nilizoea kuuanza na gia ya tatu, nikawa naupanda na ya pili toka chini, malori ya vitunguu yananipita. Nikiwa na tani za maji mgongoni, hilo si jambo la kuvumilia.

Nilikwenda kwanza gereji moja ya mjini, sitaitaja. Walinibadilishia kebo, shilingi 120,000 pamoja na ufundi. Mchezo ukaisha siku ile ile. Baada ya wiki mbili ukarudi. Nikarudi nao, wakaikaza. Sasa ikawa na ugonjwa wa pili: sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga) ikapanda, gari limesimama lakini linanguruma kama nimekanyaga, na mlimani bado halina nguvu. Wakasema pampu imechoka, nitafute hela ya pampu. Nililala na wasiwasi usiku ule, maana pampu ya gari hili huendi tu dukani ukaikuta. Kiwanda cha Bedford cha Dunstable kiliacha kuwa cha Bedford mwaka 1987, na vipuri vyake leo unavipata kwa kuulizia watu.

Dereva mmoja wa malori ya mchanga ndiye aliyenielekeza kwa fundi mzee wa Unga Ltd, mtaa wa Arusha mjini. Gereji haina kibao. Ni uwanja wa changarawe na mafuta machafu, mabati mawili ya kivuli, na nyuma yake wachomeleaji wanaotengeneza mageti.

Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akaniuliza, "Nani dereva wake, mama?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Vizuri, basi wewe ndiye utakayekanyaga."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Hakuomba spana. Aliniambia nizime injini, nikae kwenye usukani, nikanyage polepole kila atakapogonga bodi. Yeye akafungua kifuniko cha ubavuni, akaingiza kichwa na mkono. Akagonga. Nikakanyaga. Akagonga tena. Tulifanya hivyo labda mara kumi, hasemi kitu. Kisha akaniita nishuke, akampandisha kijana wake kwenye kiti, akanishika mkono na kukiweka kidole changu kwenye ganda la nje la kebo, pale linaposhikwa na breketi, kishikizo cha chuma kilicho karibu na pampu.

"Kanyaga," akamwambia kijana.

Nililisikia kwa kidole. Ganda lilikuwa linatembea. Breketi nzima ilikuwa inasukumwa kuelekea mkono wa pampu, ule unaovutwa na kebo, kama unene wa kidole, na mkono wenyewe umetulia tu, ndipo baadaye ukaanza kusogea. Kebo inafanya kazi kwa sababu ganda limeshikwa na waya wa ndani unapita. Ganda likikimbia, mguu wako unasukuma breketi, hauvuti pampu. Kule kukaza kwa mafundi wa kwanza kuliondoa ulegevu pedali ikiwa juu, basi. Waya ukawa mfupi kiasi kwamba mkono wa pampu haurudi mwisho, ndiyo sailensi ikapanda. Na ukikanyaga mpaka chini bado breketi inakula sehemu ya mwendo, ndiyo nguvu ikakosekana. Magonjwa mawili, mzizi mmoja. Na kebo mpya niliyolipia ilikuwa nzima muda wote.

Breketi ilikuwa na bolti mbili, moja imeshadondoka zamani, na tundu la iliyobaki limelika kwa mtikisiko mpaka limekuwa refu kama punje ya mchele. Akaifungua kwa spana za inchi (anazo seti nzima, zimefungwa kwenye kitambaa cha turubai, na hili ni la muhimu kwa mwenye gari la Kiingereza, kwa sababu spana ya milimita isiyokaa sawasawa ndiyo inayokula vichwa vya bolti). Hakukubali ichomelewe ikiwa kwenye injini. Aliipeleka kwa wachomeleaji, ikawekewa kipande cha chuma juu ya matundu yote mawili, akatoboa upya. Ilirudi na bolti mbili na wosha za springi.

Halafu akaenda miguuni kwa dereva, mahali ambapo hakuna aliyepaangalia kabla yake. Chini ya pedali panatakiwa pawe na bolti ya kuizuia isishuke kupita kiasi. Kwangu haikuwepo. Akanieleza kwamba pampu ikishafika mwisho wake halafu mguu bado una nafasi ya kushuka, unachovuta ni waya wenyewe, kila siku kidogo, mpaka unarefuka au unakatika njiani. Akaweka bolti, akaipima: pedali inagusa kizuizi wakati ule ule mkono wa pampu unagusa mwisho wake. Ukiachia, mkono unarudi mpaka kwenye sailensi na waya unabaki na ulegevu kidogo, milimita mbili tatu. Nilimuuliza kwa nini asiumalize kabisa. Akasema injini hii inacheza kwenye mipira yake, isipoachiwa nafasi itajikanyaga yenyewe barabarani.

Nilimwomba pia aongeze nguvu kwenye skrubu ya pampu, kwa kuwa nilishaambiwa na wengi. Alikataa. Ile imefungwa kwa waya na lakiri, akasema, na haihusiani na ugonjwa wako.

Tukaijaribu mpaka juu ya Ngaramtoni, kuelekea Oldonyo Sambu, yeye amekaa kiti cha abiria na kiganja juu ya goti. Nilikanyaga mara moja tu nikajua. Ule mlio wa injini niliousahau ulirudi chini ya kiti.

Nililipa shilingi 45,000, bolti na uchomeleaji ndani yake. Tangu hapo nimekwenda Natron mara nne na kupanda Karatu mara mbili, kwa gia ya tatu. Nilirudi kwake baada ya safari ya kwanza, kama alivyoniagiza, akapitisha spana kwenye zile bolti mbili na hakudai hata senti.

Ya kumlaumu yapo. Hana risiti, kwa hiyo mwenye kampuni atapata taabu na mahesabu yake. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na muda mwingi yuko chini ya gari. Nilifika saa mbili asubuhi, akaligusa gari langu saa tano. Kivuli cha kusubiria ni kile cha mabati, na mvua ikinyesha uwanja unakuwa tope ambalo lori zito linaweza kuzama. Kwa gari dogo la kisasa lenye kompyuta sijui kama ningempelekea; vifaa vyake vyote nilivyoviona ni vya chuma.

Ukiwa na lori la zamani, uliza kwa wachomeleaji wa mageti, watakuonyesha uwanja wake. Nenda siku kavu, nenda mapema, na usikaze chochote nyumbani kabla ya kwenda. Anataka akute gari na ugonjwa wake kama ulivyo.