Basilika ya San Clemente, Roma: kwa anayetaka kusali kwa Mtakatifu Inyasi

Wageni wengi hukata tiketi, hushuka kwenye magofu na kutoka bila kujua kwamba masalia ya Inyasi wa Antiokia, askofu na mfiadini wa Kanisa la mwanzo, pamoja na ya Papa Klementi, yamo juu, kanisani, chini ya altare kuu. Huko hakuhitaji tiketi. Anza hapo.

Soma kwanza barua ya Inyasi kwa Warumi, sura 10 fupi tu. Akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa, chini ya ulinzi wa askari, anawasihi Wakristo wa Roma wasimwombee kuachiliwa, maana anataka kuwa ngano ya Mungu itakayosagwa na meno ya wanyama. Bila barua hiyo, altare utaiona marumaru tu.

Chini kuna basilika ya karne ya 4, kisha hekalu la Mithra, mungu wa Warumi wa kale. Ngazi ni nyingi, kuna unyevu, picha haziruhusiwi. Mwenye magoti mabovu abaki juu. Hapotezi kitu cha ibada. Funika mabega na magoti. Kosa la kawaida ni kufika adhuhuri na kukuta wamefunga. Sikukuu ya Inyasi ni 17 Oktoba. Watawa Wadominiko wa Ireland wanapatunza vizuri, ila maelezo kumhusu Inyasi ni haba mno.