Tona ya kupima kwa kilo na tona ya chupa yenye lakiri: uzoefu wangu wa miezi kumi na minne

Nina duka dogo la vifaa vya ofisi na huduma ya kopi mjini Tanga, jirani na shule ya sekondari, na mashine ninayoitegemea ni fotokopi ya Kijapani niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kwa miezi kumi na minne nimeitilia tona, yaani wino wa unga, za aina mbili. Ya kwanza ni ule unga unaopimwa kwa kilo, ambao fundi huja kuujaza kwenye chupa ya zamani. Ya pili ni chupa mpya iliyofungwa kwa lakiri, ambayo haikutoka kwa kampuni iliyounda mashine lakini imetengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hiyo. Nimezitumia zote kwa kazi ileile, na ile ya kwanza imenitia hasara.

Bei ndiyo iliyonivuta. Kujaziwa chupa kulinigharimu shilingi 20,000, wakati chupa yenye lakiri niliuziwa shilingi 55,000, na fundi wa kujaza alikuja mwenyewe dukani na mkoba wake, akamaliza kazi kwa dakika kumi. Chupa tatu za mwanzo sikuwa na la kulalamikia. Ya nne ilijazwa masika yalipokuwa yamechanganya, wiki ambayo walimu walikuwa wanaleta mitihani ya nusu muhula. Kopi zilianza kufifia, kwanza upande mmoja wa karatasi, kisha ukurasa mzima, na jioni yake kioo cha mashine kikaandika kwamba tona imekwisha. Nilipoitoa chupa na kuipima mkononi, ilikuwa nzito. Nikampigia fundi kumweleza kuwa wino upo lakini mashine inasema haupo.

“Dada, hizo mashine zikizeeka zinadanganya,” akanijibu. “Nakuja kuiamsha.”

Mashine haikudanganya, na inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu wenye maduka wengi tunadhani tona ikishakuwa ndani ya chupa basi kazi imekwisha. Katika mashine kama yangu chupa hulala ubavu, na ukuta wake una mifuo iliyojizungusha mfano wa uzi wa parafujo, hivyo mota inapoizungusha, unga husogezwa kidogo kidogo hadi mdomoni. Hapo huangukia kwenye kisanduku chenye kikorogeo, kisha hupelekwa kwenye chumba cha developa, ambamo parafujo mbili ndefu zinazosukuma kwa kupishana huuzungusha mchanganyiko bila kupumzika. Developa yenyewe ni chembe ndogo zinazoshikwa na sumaku. Tona inaposuguana nazo hupata chaji ya umeme na kuzing’ang’ania, nazo huibeba hadi kwenye rola ya sumaku, ambako husimama kama nywele za brashi na kuuachia unga kwenye dramu, ile silinda inayoupeleka unga kwenye karatasi, pale tu palipochorwa maandishi. Chembe hizo haziendi kwenye karatasi. Hurudi ndani kuchukua mzigo mwingine. Chini ya chumba kuna kihisi kinachopima usumaku wa mchanganyiko: tona ikipungua, chembe husongamana, kipimo hubadilika, na mota ya chupa huamriwa izunguke. Ikizunguka kwa muda uliowekwa na kipimo kisirudi mahali pake, mashine huhesabu kwamba chupa ni tupu.

Yangu haikuwa tupu, ila unga haukuwa unashuka. Hilo nililiona baadaye, fundi wa pili alipoilaza chupa juu ya gazeti na kuuchokonoa mdomo wake kwa kijiti, yakatoka madonge kama ya sembe iliyopigwa na unyevu. Unga wa kilo hukaa kwenye mfuko unaofunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, na hewa ya mji wa pwani wakati wa masika sote tunaijua. Chembe ya tona ina upana wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 10 hivi, wakati unywele wa binadamu unafika kama mikroni 70, na unga mwembamba kiasi hicho hauhitaji maji mengi ili ushikamane.

Fundi wa kwanza hakuuangalia mdomo wa chupa. Alifungua mashine na kumimina unga moja kwa moja kwenye chumba cha developa, nusu kikombe kwa kukadiria macho, akafunga na kuondoka. Kwa muda wa saa moja kopi zilitoka nyeusi kiasi cha kunifurahisha. Baadaye karatasi nzima ikaanza kuwa na ukungu wa kijivu, na vumbi jeusi likatua hadi kwenye kioo cha kuwekea karatasi. Tona ilikuwa imezidi uwezo wa chembe za kuibeba, kwa hiyo iliyokosa chaji ya kutosha ilipeperuka na kutua popote. Mwalimu alirudisha mitihani asubuhi, akiwa mpole kuliko nilivyostahili, nami nikairudia karatasi 400 kwa gharama yangu.

Nilidhani kununua chupa mpya kungetosha, na hapo ndipo fundi wa pili, mzee mmoja aliyezoea mashine hizi tangu zamani, alipoiokoa pesa yangu. “Mwanangu, ukiweka wino mzuri juu ya huu mbaya utakuwa umewachanganya tu,” aliniambia, kisha akanionyesha bomba jembamba lililo kando ya dramu. Katika modeli yangu, tona inayobaki kwenye dramu hukwanguliwa na ubapa, ikarudishwa kwa bomba hilo kwenye chumba cha developa ili itumike tena, tofauti na mashine zinazoitupa kwenye kisanduku cha taka. Maana yake ni kwamba unga mbovu hautoki wote. Unaendelea kuzunguka pamoja na vumbi la karatasi, na kuzichosha chembe hata baada ya chupa kubadilishwa.

Alimwaga developa yote kwa kuzungusha gia kwa mkono, akakisafisha kisanduku na bomba, akamimina mpya taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine huku gia ikizunguka ili ienee sawasawa. Mwisho aliingia kwenye menyu ya mafundi na kuiacha mashine ijipime upya, hatua ambayo alisisitiza hufanywa kwa developa mpya tu. Pamoja na ufundi nililipa shilingi 140,000, yaani zaidi kidogo ya bei ya chupa mbili na nusu zenye lakiri.

Tangu siku hiyo nimetumia chupa nne zenye lakiri. Kila moja huitikisa kwa kuilaza, kushoto na kulia mara kumi hivi, kabla ya kuvuta lakiri. Boksi linaahidi kurasa 9,000 kwa ukurasa uliofunikwa asilimia 5 na wino. Kaunta yangu inaonyesha kati ya 6,500 na 7,000, nami sioni kama nimepunjwa, kwa kuwa kopi za vitambulisho na vyeti zina picha na mihuri inayokula wino. Weusi wake kwenye maeneo mapana umepauka kidogo, na chupa ya tatu ilinimwagikia wakati wa kuitoa. (Nguo ikiingia tona, ikung’ute kisha uioshe kwa maji baridi, ya moto huugandisha unga, na nina dera moja la ushahidi.)

Yupo kijana anayepita madukani kununua chupa tupu kwa shilingi 2,000. Zamani nilimuuzia. Sasa nazikata mdomo kwa msumeno kabla ya kuzitupa, maana nimeshaona chupa ya namna hiyo ikirudi sokoni na lakiri mpya iliyobandikwa kwa gundi.