Hank Williams Jr. na Rosanne Cash: nani wa kuanza naye?

Wote wawili ni watoto wa magwiji wa muziki wa kantri wa Marekani, ila urithi uliwafikia kwa njia tofauti kabisa.

Hank alizaliwa 1949, na baba yake alifariki tarehe 1 Januari 1953. Akiwa na miaka minane tu alipandishwa jukwaani kuimba nyimbo za marehemu. Watu walilipa kiingilio kumwona mwana, masikio yakimtafuta baba. Mzigo gani huo kwa mtoto! Mwaka 1975 alianguka mlimani huko Montana, uso ukaharibika vibaya. Zile ndevu, kofia na miwani myeusi vilianza kama njia ya kuficha makovu. Baada ya hapo akajikita kwenye kantri yake mwenyewe, yenye roki na kelele za kutosha.

Rosanne, binti wa Johnny Cash, hakusukumwa hivyo. Alipomaliza sekondari alisafiri na baba yake kwenye ziara. Mzee akagundua binti hazijui nyimbo nyingi za zamani, akamwandikia orodha ya nyimbo 100. Yeye akaiweka, akatunga zake, na 1981 akashika namba moja kwenye chati ya kantri. Orodha aliirudia 2009, baba keshafariki, akarekodi nyimbo 12 tu.

Kwa sherehe, mchukue Hank. Kwa mashairi, mimi naenda na Rosanne bila kusita.